Pajani pa Mjomba

Sahani ilikuwa ya shaba, na Isakki alikuwa ameisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Juu yake alipanga majani ya tambuu, popoo, ndizi, vipande vya manjano na donge la sukari ya mawe, akaifunika kwa kitambaa, akatoka kwake asubuhi akiwa na wazo moja tu kichwani: sahani hii ifike kwanza kwa kaka mkubwa.

Mtoto wake Thangam alikuwa ndani ya mwaka wa tano, na masikio yake bado mazima. Mwaka wa kwanza uliwapita kwa sababu ya msiba. Wa tatu uliwapita kwa sababu ya ugomvi. Huu wa tano nao ulikuwa unaelekea ukingoni, na ukipita ni kungoja wa saba, maana mtoto hatobolewi masikio katika mwaka wa shufwa. Wala hatobolewi popote tu. Anatobolewa mbele ya mungu wa ukoo, akiwa amekaa pajani pa mjomba wake, ambaye anakuja na ngoma na zawadi kichwani, watu wote wakaona kwamba mama wa mtoto huyu ana kwao. Asiye na mjomba huazimiwa mtu, na mtu wa kuazima husemwa mpaka mtoto mwenyewe anaolewa.

Thangam alikuwa na wajomba wawili, wazima, wenye mapaja manne, na hawakuwa wamesemezana tangu mwaka aliozaliwa.

Pechimuthu, kaka mkubwa, alikaa Mtaa wa Juu. Sudalai, kitinda mimba, alikaa Mtaa wa Chini. Isakki alizaliwa katikati yao, na kuolewa pia aliolewa katikati, kwenye nyumba ya Kandaiah karibu na birika la maji, mahali ambapo habari za mitaa yote miwili hupita kabla ya kufika zinakokwenda.

Alipofika kwa Pechimuthu alikuta kufuli.

"Wamekwenda kwenye pamba," jirani akasema kutoka barazani, macho yake yakiwa kwenye kitambaa. "Ni sahani ya masikio hiyo? Hatimaye. Basi keti, unywe uji."

Isakki alishukuru, akasema atarudi. Hapo ndipo alipokosea. Mwanamke wa nchi ile, akiwa na sahani ya mwaliko mkononi, akikuta kufuli hukaa barazani hata kama jua linampiga utosini, au huirudisha sahani nyumbani kwa njia ileile aliyojia. Isakki alimfikiria Thangam aliyemwacha na homa, akakatisha kwa Mtaa wa Chini.

"Wifi," Vadivu, mke wa Sudalai, alikuwa mlangoni akichora chini ua la unga wa mchele, pambo la kila asubuhi. "Unapita kwangu na sahani imefunikwa kama unapita nyumba yenye ndui?"

"Ninarudi kwako jioni, Vadivu. Hii bado."

"Bado nini?"

Sudalai akatokea nyuma ya mkewe, kifua wazi, taulo begani, uso umechangamka kama wa mtoto aliyesikia jina lake. "Dada," akasema, "umekuja." Na kabla Isakki hajajua atamjibu nini, alikuwa ameinua kitambaa kwa vidole viwili na kuchukua jani la juu.

Ungefanya nini? Jani la juu ni la mjomba atakayempakata mtoto, na likishashikwa halinyang'anywi. Sudalai alilipaka chokaa, akalikunja na popoo, akalitia shavuni, na machozi yakamlengalenga, maana alidhani amechaguliwa.

Isakki aliporudi Mtaa wa Juu, habari ilikuwa imefika muda mrefu na imeshakunywa na maji. Pechimuthu alikuwa ameitwa kutoka shambani, ameketi barazani, mikono juu ya magoti.

"Jani la juu liko wapi?"

"Kaka, nilianza kwako. Mlango ulikuwa—"

"Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Na hili baraza, nalo lilifungwa? Matako yako hayalijui? Umelala hapa utoto wako wote."

"Mtoto ana homa, kaka."

"Pole yake. Mimi sipokei sahani iliyotobolewa." Akageuza uso kuelekea ukutani. "Umeshachagua paja. Mpeleke hukohuko."

Ponnuthai, mkewe, alisimama mlangoni na maji ya wifi yake mkononi, na hakuthubutu kuyatoa.

Kama yangeishia hapo, angalau mjomba mmoja angekuwa wa uhakika. Lakini jioni hiyohiyo, yule jirani wa barazani alishuka kuchota maji, akamhurumia Vadivu kwa sauti ya juu, kwamba maskini, sahani ilianza juu ikakuta kufuli, ndiyo ikateremka kwenu. Kabla giza halijaingia Sudalai alikuwa uani kwa Isakki.

"Kumbe mimi ni wa akiba."

"Sudalai, sikiliza—"

"Nasikia vizuri. Kaka yako akikosekana, basi hata huyu. Isingekuwa nimeshalitafuna, dada, ningekurudishia jani lako."

Kandaiah, mume wake Isakki, ambaye alikuwa mtu wa kucheka hata pasipo na la kuchekesha, safari hii hakucheka. Mama yake ndiye aliyesema, akiwa amejilaza kwenye mkeka, bila kufungua macho. "Wajomba wawili, na mtoto atatobolewa kama yatima. Mwiteni binamu yenu yule wa mjini. Ana mapaja."

"Siku haijafika, mama mkwe," Isakki akasema.

"Itafika. Nimeshamwambia kuhani. Jumanne ya mwisho ya mwezi."

Ugomvi wa ndugu hawa haukuwa wa shamba wala wa ukuta, ingawa baadaye ulikuja na ukuta. Ulikuwa wa moto. Baba akifa, mwana wa kwanza ndiye anayewasha kuni za kumchomea. Mama akifa, ni wa mwisho. Ndivyo ilivyo, na mama yao alikuwa akimtania Sudalai tangu mdogo: wewe kula vizuri, una kazi yangu. Siku aliyokufa, Sudalai alikuwa kwenye mashamba ya chumvi huko Thoothukudi, weupe mtupu hadi upeo wa macho, na mtu aliyetumwa kumtafuta alizunguka kutwa nzima akiuliza kuli mmoja baada ya mwingine. Maiti hailazwi usiku kama kuna jua la kuichomea. Sudalai alishuka kwenye lori magharibi imeshaingia, akakuta makaa mekundu na kaka yake amenyolewa kichwa, amelowa, ananuka moshi. Alimshika shingo palepale mbele ya ukoo. "Moto wa baba uliula, na wa mama pia umenilia," alimwambia. Watu waliwatenganisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa neno lolote.

Sasa, wiki moja kabla ya ile Jumanne, sinema ya turubai ikafika.

Huja kila mwaka baada ya mavuno, ikasimamishwa kwenye shamba lililokatwa mpunga, na gari la ng'ombe likazunguka vijiji na kipaza sauti na bango la rangi. Mwaka ule ilileta picha ya ndugu wawili wanaochukiana, na kwa siku mbili hapakuwa na mazungumzo mengine birikani. Wanawake walilia wakichota maji kwa kusimuliana tu. Mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani, ilisemekana, alitoka sinema akaenda moja kwa moja kugonga kwa nduguye aliyegombana naye juu ya mbuzi. Wengine walisema hapana, alikwenda kumdai yule mbuzi.

Isakki alisikiliza yote. Kisha akawangoja wifi zake. Vadivu na Ponnuthai hawakuwa wakisemezana mbele ya waume zao, lakini birikani walikuwa wakipeana hata pilipili.

"Ijumaa," Isakki akawaambia. "Kila mmoja amlete wake. Asijue kama mwenzake yupo."

"Wangu hapendi sinema," Ponnuthai akasema. "Anasema watu wazima wanalipa ili wakalizwe."

"Mwambie ina fahali wazuri."

"Ina fahali?"

"Mimi nitajuaje? Mwambie."

Ijumaa turubai lilijaa. Mbele kwenye mchanga wanaume walikuwa wakijirundikia vichuguu ili waone juu ya vichwa, wa nyuma wakitukana na kuvibomoa. Wanawake walikaa upande wao ng'ambo ya kamba. Pechimuthu alikata tikiti ya benchi, kwa heshima yake, akakaa wima kama aliyekuja kutoa ushahidi. Sudalai alikaa mchangani, karibu kabisa na pazia. Isakki, akiwa na Thangam amelala mapajani, aliwaona wote wawili kabla ya taa kuzimwa, na wao hawakuonana.

Picha ilikuwa na nyumba kubwa, na mama mwenye nywele nyeupe, na wana wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki yake. Mkubwa wa kwenye picha alikuwa mgumu, mfanyakazi, asiyejua kusema. Mdogo alikuwa mpole, mwenye nyimbo. Isakki akafikiri: Sudalai atajiona, Pechimuthu atajiona, na kila mmoja ataona mwenzake ndiye aliyekosea. Nimewaleta wachocheane.

Turubai lile lilikuwa na mashine moja tu. Mkanda ukiisha, picha hukatika hapohapo, hata kama mtu yuko katikati ya neno, na taa kubwa ya katikati huwashwa wakati fundi anabadilisha. Watu wamezoea. Wananunua karanga, wanaitana, wanakemea watoto, na taa inazimwa tena.

Mama wa kwenye picha akafa. Mdogo alikuwa mbali. Ilionyeshwa treni inayokimbia, ikaonyeshwa kuni, ikaonyeshwa treni, ikaonyeshwa kuni. Turubai zima lilikuwa kimya, maana kila mtu mle ndani, wa Juu na wa Chini, alijua ni habari ya nani hii. Mkubwa wa kwenye picha akapokea kijinga cha moto, akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono.

Hapo mkanda ukaisha, na taa ikawaka.

Hakuna aliyenunua karanga. Vichwa viligeuka, vingine kuelekea benchi, vingine kuelekea mchanga, kama watu wanaotazama mchezo wa mpira. Sudalai alikuwa amejitia taulo mdomoni na mabega yanamtikisika. Aliposikia kimya aliinua uso, akafuata macho ya watu, na kule nyuma akamwona kaka yake.

Pechimuthu alikuwa akilia. Hakuwa na taulo, hakuwa ameziba chochote. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye masharubu, mikono bado juu ya magoti, kama mtu aliyenyeshewa akiwa hana pa kukimbilia. Walitazamana kwa muda wote fundi aliohitaji. Kisha Pechimuthu akasimama, akapita mbele ya magoti ya watu wa benchi, akatoka.

Isakki alimbeba Thangam, akamfuata, lakini alipofika nje kaka yake alikuwa ameshapotelea kwenye njia ya shambani, na nyuma yake turubai likazimika tena, nyimbo zikaendelea.

Asubuhi alimkuta kisimani. Pechimuthu alikuwa akiteka maji ya kumwagilia pamba, ng'ombe wawili wakiteremka na mteremko kuvuta ndoo ya ngozi, wakirudi kinyumenyume, wakiteremka tena. Isakki alikuwa na sahani ileile, majani mapya. Aliiweka juu ya ukingo wa kisima, akasimama.

"Umenifanya kichekesho," Pechimuthu akasema, bila kuwasimamisha ng'ombe.

"Hakuna aliyecheka, kaka."

"Ponnuthai aliniambia kuna fahali."

"Hilo ni langu."

Ndoo ikapanda, ikamwaga, ikashuka. Yeye hakumtazama.

"Unajua kinyozi aliponipa chungu cha moto wa mama nilikirudisha?" akasema. "Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya miti ya mivumo. Nikasema tungoje lori moja. Likaja, hayumo. Nikasema tungoje jingine. Wazee wakasema, sasa unataka mama yako alale nje kama ng'ombe aliyefia porini? Nikapokea. Nilijua ninachoshika ni cha nani, Isakki. Tunageuza uso tukiwasha, ni desturi. Lakini mimi siku ile hata kama si desturi ningeugeuza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alinishika shingo. Mtu akikushika shingo unasema nini? Na baadaye," akatafuta, "baadaye kinywa kilikataa chenyewe. Kila siku kikakataa zaidi kidogo."

Isakki alikuwa amemjua kaka huyu maisha yake yote na hakuwa amewahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mpigo.

"Iliishaje?" Pechimuthu akauliza.

"Nini?"

"Ile sinema."

"Sikuiona. Nilitoka nikikufuata wewe. Wanasema mwishoni walikumbatiana."

"Nani alianza?"

"Mtaa wa Juu wanasema alianza mdogo. Mtaa wa Chini wanasema alianza mkubwa."

Pechimuthu alitoa sauti puani. Ng'ombe wa kushoto, aliyekuwa amerudi kinyumenyume mpaka ukingoni, alinyoosha shingo, akatoa ulimi mrefu wa kijivu, akaliondoa jani la juu la sahani, kisha na la pili, akaanza kutafuna akiwa ametulia kabisa.

Walimtazama wote wawili.

"Angalau mmoja wa nyumba hii amekubali mwaliko," Isakki akasema.

Masharubu ya kaka yake yalitikisika. Lakini hakunyoosha mkono kwenye sahani, na alipowaswaga ng'ombe tena Isakki akajua maneno ya siku ile yamekwisha. Alichukua sahani yake, akarudi nyumbani.

Jumanne ilifika. Hekalu la mungu wa ukoo liko nje ya kijiji, nguzo ya udongo iliyopakwa chokaa, imevishwa maua, mikuki miwili mbele. Masufuria ya nyama ya mbuzi yalikuwa yameanza kuchemka. Ubao mdogo wa kukalia ulikuwa umewekwa chini, ukapakwa manjano pembeni, na hapana mtu juu yake. Sonara alikuwa ameshanyoosha uzi wa dhahabu na kuuchovya kwenye maji ya ndimu. Kinyozi Madasami alikuwa akinoa wembe wa kumnyoa Thangam kichwa, na binamu wa mjini alikuwa amevaa shati jeupe na kuchana nywele kwa maji, tayari.

Sudalai alikuja. Alileta ndizi, nazi, sketi ya hariri ya mpwa wake na donge la sukari guru, Vadivu akivibeba kwenye sinia, bila ngoma. Aliviweka mbele ya dada yake.

"Nimekuja kama mtu wa kijijini," akasema. "Usinitafutie paja. Kwa la akiba siketi."

Akaenda kusimama walipofungwa mbuzi.

Kuhani alitazama kivuli. Saa njema ilikuwa inakaribia kukatika, na baada yake ni saa ya nuksi, ambayo hata kucha hukati. "Mama wa mtoto," akasema, "aketi anayeketi."

Mama mkwe alimpa ishara binamu. Binamu alikunja suruali.

"Tungoje," Isakki akasema.

"Tungoje nini?" mama mkwe akauliza, sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Njia nyeupe ile, hakuna mtu. Unataka mwanangu aaibike?"

"Tungoje kidogo tu, mama."

Alisema huku amemkumbatia Thangam kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Hakuwa na sababu yoyote ya kuwapa. Kaka yake hakuwa ameahidi kitu. Lakini mtoto akishaketi kwa binamu, ndivyo atakavyokuwa ameketi milele, na yeye Isakki atakuwa amezika ndugu wawili walio hai.

Kinyozi Madasami aliujaribu wembe kwenye ukucha. Alikuwa mzee wa kunung'unika, naye ndiye aliyekuwa akinyoa wanaozaliwa na kushika moto wa wanaokufa. "Ukoo huu," akasema, kama anayezungumza na wembe. "Kungoja kungoja. Siku ya mama yao vilevile. Nampa yule mkubwa chungu, ananirudishia. Tungoje lori. Nampa, ananirudishia. Tungoje lori. Mkono ukaniungua, kovu hili hapa. Mara ya tatu ilibidi wazee wamshike kiganja wakifungue."

Hayo Sudalai alikuwa ameshayasikia, lakini sikuzote kutoka kwa watu wa Mtaa wa Juu, na ya Mtaa wa Juu alikuwa akiyaacha hukohuko. Madasami hakuwa wa mtaa wowote. Alikaa peke yake ng'ambo ya mfereji, na alikuwa na kovu. Sudalai alimtazama mzee yule mkononi, kisha akatazama chini, kwenye kwato za mbuzi, akabaki hapo.

Ndipo ngoma ikasikika.

Ilikuwa ngoma moja na zumari moja, vikija kwa mbali kutoka njia ya shambani wala si njia kuu, ndiyo maana hakuna aliyeona. Ponnuthai alikuwa mbele na sinia kichwani. Nyuma yake alikuja Pechimuthu na shuka jipya, akimvuta mbuzi dume. Alipofika mbele ya nguzo alivua ndala, akampa Kandaiah kamba ya mbuzi, akasema:

"Shemeji, mimi sikualikwa. Aliyealikwa ni ng'ombe wangu. Nimekuja kwa niaba yake, yeye ana kazi."

Kandaiah akacheka, safari hii kwa sababu. Wengine wakacheka bila kujua wanachekea nini. Isakki hakuweza. Binamu wa mjini aliikunjua suruali yake, akasogea pembeni, na ilionekana amepumua.

"Haraka," kuhani akasema.

Pechimuthu aliuendea ule ubao. Ulikuwa wake kwa haki, na hakuna ambaye angesema neno. Aliinama kama anayetaka kuketi, akaupangusa kwa kiganja, akasimama tena. Akageuka walipo mbuzi.

"Kaa wewe," akasema.

Sudalai hakuinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kusemeshwa na mtu yule tangu makaa yale. "Siketi kwenye makombo."

"Si makombo." Pechimuthu aliuonyesha ubao kwa kiganja. "Ule moto ulikuwa wako. Niliushika, na ukishawashwa haurudishwi. Ningekuwa na namna ningekurudishia. Sina. Nilicho nacho ni huyu." Akamwonyesha Thangam kwa kidevu. "Ubao huu ni wangu. Chukua."

Sufuria zilichemka. Mpiga zumari alikuwa ameshusha zumari lake na kulikumbatia.

Sudalai alikuja. Hakuja haraka, na hakumtazama kaka yake. Alimpita karibu sana, bega likagusa bega, akaketi juu ya ubao na kukunja miguu, akanyoosha mikono. Isakki akamweka Thangam pale. Madasami alimnyoa, kichwa kidogo kikatoka cheupe kama nazi iliyoambuliwa, kikapakwa msandali. Mpaka hapo mtoto alikuwa mtulivu, anashangaa nywele zake. Lakini sonara alipokaribia na ule uzi, alijua. Alipiga yowe, akajirusha nyuma, kichwa kikamgonga mjomba wake kidevuni.

"Mtulize," sonara akasema. "Nikikosea hapa litakuwa pembeni maisha yake yote."

Sudalai alimbana mikono, kichwa kikabaki kinazunguka. Alimbana kichwa, mikono ikachomoka. Jasho lilimtoka. Kuhani alisema kivuli kimebaki unyayo. Isakki alipiga hatua mbele, kisha akasimama, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameinua uso, na hakuwa akimtazama yeye.

"Kaka," Sudalai akasema, "shika kichwa."

Pechimuthu alipiga magoti mchangani na shuka lake jipya. Viganja vyake vikubwa vya kisimani vikakishika kile kichwa chenye msandali, pande zote mbili, na shavu la mtoto likawa limelala kwenye kifundo cha mkono wa Sudalai, na kidole gumba cha Pechimuthu kikawa juu ya kidole cha nduguye, na hapakuwa na nafasi ya kukisogeza. Sonara alipitisha uzi. Tone moja la damu. Akageuzwa, upande wa pili, tone jingine. Ngoma ikapiga kwa nguvu, kama ilivyo desturi, ili mtoto asisikie kilio chake mwenyewe.

Hawakukumbatiana. Watu waliokuja wakitarajia ya kwenye turubai walikula nyama ya mbuzi wakiwa wamekata tamaa kidogo. Lakini walipokuwa wakila, Sudalai alimsogezea kaka yake chumvi kabla hajaiomba, na Pechimuthu alipomaliza alimwita Isakki, akafunua kiganja.

"Jani langu," akasema. "Ng'ombe hakunibakizia."

Habari ile husimuliwa mpaka leo birikani. Mtaa wa Juu wanasema aliyeanza ni Pechimuthu, aliyetoa ubao. Mtaa wa Chini wanasema hapana, ubao ni ubao tu, aliyeanza ni Sudalai, aliyemwita mwenzake kaka. Wakishindwa humwuliza Isakki, maana alikuwa hapohapo, hatua moja. Isakki hujaza mtungi wake, huuweka kiunoni, huwaambia kwamba yeye hakuona. Siku ile, asema, alikuwa akitazama sikio la mtoto.